Gari limefeli kipimo cha moshi Kigoma: kabla ya kununua injini, isome ile karatasi

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Mwanga, Kigoma. Nina Toyota Probox ya 2004, injini 1NZ, anaendesha shemeji yangu kati ya hapa, Kasulu na Buhigwe. Kuna mradi unakodi magari kwa miezi minane, wakaleta mkaguzi na mashine ya kupima moshi. Breki, taa na tairi tumepita, moshi tumefeli. Karatasi inasema hivi. Kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa): CO asilimia 2.9, HC 410, CO2 asilimia 12.6, O2 asilimia 0.7, lambda 0.93. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika: CO 2.1, HC 250, CO2 13.2, O2 0.6, lambda 0.96. Wao wanataka CO isizidi 0.5 kwenye sailensa na 0.3 kwa mizunguko 2,500, HC isizidi 200, lambda iwe kati ya 0.97 na 1.03. Tumepewa siku 21 turudi. Fundi wetu anasema injini imechoka, tuagize nyingine ya mtumba kutoka Dar, milioni 2.6 mpaka ifungwe. Mume wangu anasema tuliuze. Gari halitoi moshi wa kuonekana kwa macho. Oili tunaongeza kama nusu lita kati ya sevisi na sevisi. Taa ya injini haijawahi kuwaka. Mwaka jana lilichemsha tukipanda kwenda Kasulu, fundi akatoa themostati, halijachemsha tena, ila shemeji analalamika siku hizi linakunywa mafuta. Masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, nasikia yalishatolewa na mwenye gari wa kwanza. Nifanye nini?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Nakujibu nikiwa Tabora, kwa hiyo gari lako sijaligusa, lakini umefanya jambo ambalo wateja wengi hawalifanyi: umeninakilia namba zote kumi badala ya kuniambia tu kwamba mmefeli. Kwa namba hizo naweza kukuambia kwa uhakika mkubwa kwamba injini usinunue. Gari nalo usiliuze wiki hii, maana ukiliuza likiwa na karatasi hiyo utapunjwa kwa ugonjwa ambao pengine ni wa laki chache.

Tuanze na karatasi. Chukua CO na CO2 za kwenye sailensa uzijumlishe: 2.9 na 12.6 ni 15.5. Jumlisha za mizunguko 2,500: 15.3. Injini ya petroli inayofanya kazi na bomba lisilovuja hutoa jumla ya namna hiyo, kumi na tano hivi. Ingekuja kumi au kumi na moja ningesema bomba limetoboka na linavuta hewa ya nje, au mpira wa mashine haukuingizwa vizuri, na kipimo chote ningekitupa. Chako ni kipimo halali. Mkaguzi hakukuonea.

Sasa tazama lambda, maana ndiyo namba ambayo fundi wako inaelekea hakuisoma. Petroli huungua sawasawa ikipata hewa mara 14.7 ya uzito wake. Ikiwa hivyo hasa, lambda ni 1. Hewa ikizidi, lambda inapanda juu ya 1, na petroli ikizidi inashuka. Yako ni 0.93. Maana yake injini inapewa petroli asilimia 7 hadi 8 zaidi ya inayoihitaji. Ile ya ziada haipati hewa ya kuungua nayo, inaungua nusunusu, na matokeo ya kuungua nusunusu ndiyo hiyo kaboni monoksaidi, CO. HC ni petroli iliyotoka bila kuungua kabisa. Kwa hiyo shemeji yako na mashine ya mkaguzi wanasema neno lile lile. Yeye analisema kituo cha mafuta, mashine imelisema kwenye bomba. Kila lita mia mnazojaza, lita saba hivi zinaenda kuwapa watu wa barabara ya Kasulu sumu bila kusukuma tairi hata hatua moja.

Na ni sumu kweli. CO haina harufu wala rangi, ndiyo maana husemi gari linatoa moshi. Bomba likitoboka chini ya sakafu, abiria wa nyuma wataanza kuumwa kichwa na kusinzia, nanyi mtasema ni jua. Mwambie shemeji asiliache likiunguruma kwenye banda lililofungwa asubuhi.

Nasema injini haijachoka kwa sababu injini iliyochoka haichori picha hii. Ringi, yaani pete za pistoni, zikiisha, oili inapanda kwenye silinda na kuungua, unaona moshi wa bluu hasa dereva anapokanyaga, na oili inapungua kwa lita, si kwa nusu lita kati ya sevisi mbili. HC ingepanda, ndiyo, lakini CO ya 2.9 pamoja na lambda ya 0.93 kwa kawaida haitoki kwenye ringi. Inatoka kwa yule anayepima petroli. Na kwenye Probox anayepima petroli ni kompyuta ya injini, ikisikiliza sensa zake. Ukifunga injini nyingine chini ya kompyuta ile ile, sensa zile zile na bila themostati, mashine itakuandikia namba zile zile, na milioni 2.6 zitakuwa zimekwenda. Ukitaka kumridhisha fundi, mwambie apime kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote nne, kazi ya nusu saa. Zikiwa zinakaribiana, mazungumzo ya injini yamekwisha.

Turudi kwenye sentensi uliyoiandika kama vile si kitu: "fundi akatoa themostati". Hapo ndipo mimi niliposimama kusoma nikatafuta miwani.

Kuna imani huku kwetu, na huko mwisho wa reli pia, kwamba themostati ni kifaa cha nchi za barafu. Gari likichemsha tu, kinachotolewa kwanza ni themostati, linaacha kuchemsha, na fundi anaonekana mganga. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, kisha kuyafungulia kidogo kidogo. Kwenye injini yako hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84 hivi. Ukiitoa, maji yanakwenda kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa mbele unalipoza kuliko inavyotakiwa. Sensa ya joto inaiambia kompyuta "bado tuko baridi". Kompyuta nayo inafanya ilivyofundishwa kumfanyia mtu wa asubuhi: inaongeza petroli. Kwa hiyo gari lako limekuwa likiishi asubuhi kwa mwaka mzima.

Ukiwa na mashaka, jaribio ni la bure. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, liwashe, ushike mpira wa chini wa rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Gari lenye themostati, mpira huo unabaki baridi kwa muda mrefu, kisha unapata joto themostati inapofunguka. Lako litaanza kupata uvuguvugu mapema na kupanda polepole pamoja na injini. Kama dashibodi yako ina ile taa ndogo ya bluu ya injini baridi, muulize shemeji inachukua muda gani kuzimika, na kama huwa inarudi akiwa kwenye mteremko mrefu. Ikirudi, umepata shahidi wa pili.

Hata hivyo themostati peke yake hainitoshi kuieleza 0.93. Injini ikishapata joto kiasi, hata lisilokamilika, kompyuta huanza kuisikiliza sensa ya oksijeni iliyoko kwenye bomba, ile ya mbele. Sensa hiyo inanusa moshi: oksijeni ikikosekana inapiga kelele "petroli imezidi", kompyuta inapunguza, ikipatikana, kompyuta inaongeza. Mchezo huo wa kupunguza na kuongeza huenda mara nyingi kwa dakika na kuiweka lambda palepale kwenye 1. Gari lenye sensa hai lingejirekebisha lenyewe kwa kiasi kikubwa hata bila themostati. Lako halijirekebishi. Kwa hiyo ama sensa imekufa, na kwa gari la 2004 lililokula mwaka mzima wa masizi si ajabu, ama waya wake umekatika, au yule aliyetoa masega aliikata akaiacha inaning'inia. Hili la mwisho nimelikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mtu aingie chini ya gari aangalie kwa macho kabla hujanunua chochote.

Utaniuliza: mbona taa ya injini haijawahi kuwaka? Swali zuri, na lina jibu baya. Mwambie shemeji ageuze ufunguo bila kupiga stata, aangalie dashibodi. Taa ya injini lazima iwake hapo, kisha izimike injini ikishanguruma. Kama haiwaki kabisa hata hapo, basi balbu imeungua au kuna mtu aliinyamazisha kabla hajakuuzia gari. Taa isiyowaka kamwe haimaanishi gari zima. Nimeona balbu iliyofunikwa kwa gundi nyeusi kwa ustadi ambao ungetumika kufunga breki ungeokoa watu.

Kompyuta ina kumbukumbu ya kasoro, isomwe. Tahadhari moja tu: kile kimashine kidogo cha bluetooth wanachouza kwa bei ya kutupa, mara nyingi hakielewani na magari ya soko la Japani ya miaka hiyo. Kitakuambia "hakuna mawasiliano" na fundi atakuambia kompyuta imekufa. Haijakufa. Tafuta fundi umeme mwenye mashine inayozijua Toyota za Japani, hapo Kigoma au hata Kasulu. Mwombe akuonyeshe vitu viwili injini ikiwa imeshatembea nusu saa. Kwanza joto la maji: nataka kuona nyuzi 80 na ushee mpaka 95, si 60. Kama maji yana joto kweli lakini kompyuta inasoma baridi, basi sensa ya joto la maji ndiyo mwongo, nayo ni rahisi. Pili sensa ya oksijeni ya mbele: aina ya kawaida ikiwa hai, volti zake hazitulii, zinapanda mpaka 0.8 au 0.9 na kushuka mpaka 0.1, juu chini, juu chini. Ikisimama mahali pamoja kama ng'ombe aliyegoma, imekufa.

Plagi pia zitoeni mzitazame. Zikiwa na masizi meusi makavu kama ya chungu cha kuni, zinathibitisha petroli imezidi. Zikiwa na ute wa oili, nitabadilisha mawazo kuhusu ringi na uniandikie tena. Zikiwa zimechakaa funga mpya, upenyo milimita 1.1, na usikubali plagi za gari jingine "zinazoingia". Kama plagi ni safi na sensa zote ni nzima, basi mtuhumiwa anayebaki ni injekta inayovuja, lakini siendi huko kwa sasa.

Kuhusu ea klina, maana najua mtu atakushauri uinunue kwanza. Vumbi la Buhigwe na Kasulu linastahili heshima yake, na ibadilisheni kwa ajili ya uhai wa injini. Lakini kwenye injini inayopima hewa kwa sensa, ea klina iliyoziba inakupunguzia nguvu zaidi kuliko inavyokuongezea CO. Hiyo imani ni ya enzi za kabureta.

Oili badilisha, na usingoje tarehe ya sevisi. Mwaka mzima wa petroli iliyozidi umechuruzika ukapita kwenye ringi na kuingia kwenye oili. Injini ikipata joto, mvuke wa petroli hiyo unatoka kwenye oili na kurudishwa kuvutwa na injini, na CO inapanda hata kama kila kitu umeshatengeneza. Watu wamewahi kurudi kwenye kipimo na sensa mpya wakafeli kwa sababu ya oili ya zamani. Vuta kijiti cha oili unuse. Kikinuka kituo cha mafuta, umeelewa ninachosema. Oili mpya ifungwe baada ya matengenezo, si kabla, isije ikachafuliwa upya.

Sasa, ukirudisha themostati, ugonjwa uliofichwa mwaka jana utarudi kudai. Themostati haikuwa sababu ya kuchemsha, au kama ilikuwa, ilikuwa imekwama na dawa yake ni mpya, si tundu. Kwenye injini nyingi kuitoa hakusaidii hata kupoza vizuri, kwa kuwa sehemu ya maji hupita njia ya mkato kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Kigoma mjini mko usawa wa ziwa, mita 770 na ushee. Kwenda Kasulu ni kupanda, na gari likiwa na watu watano na magunia juu, mfumo wa kupoza unaulizwa maswali yote kwa pamoja. Angalieni feni ya umeme kama inawaka yenyewe. Kifuniko cha rejeta kibadilishwe bila mjadala, ni kitu cha bei ndogo: kikishika presha vizuri, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115, mpira wake ukichakaa, yanachemka kwenye mia kama ya sufuria. Halafu rejeta yenyewe. Mmekuwa mkijaza maji gani? Ya ziwani, ya bombani, ya mtoni njiani? Yote huacha kutu na magadi ndani ya vijibomba. Isafishwe, ijazwe kulanti. Na tafadhali, kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kama fundi ana haraka.

Kuna la kuogopa moja tu hapa. Gari lililochemsha sana linaweza kuwa liliharibu gasketi ya silinda hedi. Dalili ni maji kupungua bila kuvuja, mapovu kwenye rejeta injini ikiunguruma, moshi mweupe usioisha hata injini ikipata joto. Ukimpata mkaguzi mwenye mashine ile ile, mwombe aisogeze pua yake juu ya mdomo wa rejeta, bila kuitumbukiza kwenye maji. Wakati huo injini iwe imewashwa kutoka baridi, kifuniko kikiwa wazi tangu mwanzo. HC ikionekana hapo, moshi unapita kuingia kwenye maji, na gasketi ni lazima. Kama mwaka mzima hamjaongeza maji, sidhani.

Nimeyaacha masega mwisho kwa makusudi. Kwetu Tabora ukisema masega watu wanawaza asali, na kweli kifaa chenyewe kinafanana: kipande cha kauri chenye vitundu maelfu, kimepakwa platini, paladi na rodi. Moshi ukipita humo ukiwa na joto la kutosha, nyuzi 250 au 300 kwenda juu, CO inageuka kaboni dayoksaidi na petroli mbichi inamalizikia kuungua. Hayo madini ndiyo sababu masega yanang'olewa. Mwenye gari anaambiwa "gari litavuta", anakatiwa bomba, anafungiwa chuma kitupu, na masega yanauzwa. Kwenye Probox iliyo nzima faida ya kuvuta ni ya kufikirika. Wazee mtakumbuka petroli ya zamani ilikuwa na risasi, na risasi ilikuwa inayaua masega. Kufikia mwanzoni mwa 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha, kwa hiyo kisingizio cha kwamba "mafuta ya kwetu hayaruhusu" hakipo tena.

Je, kukosa masega ndiko kulikokufelisha? Kwa sehemu tu. Masega hayabadilishi lambda. Yanachofanya ni kuchukua CO na oksijeni iliyopo na kuzioanisha, na hesabu ya lambda inabaki ile ile kabla na baada. Gari lisilo na masega lakini lenye mchanganyiko sahihi lingekuandikia lambda 1 na CO ya nusu asilimia hivi mpaka moja. Kwa kiwango cha Japani kwa magari ya kizazi chake, CO asilimia 1 na HC 300, pengine lingepenya. Kiwango walichokupa ni kikali zaidi, kinafanana na kile wanachotumia Uingereza kwa magari yenye masega. Kwa CO 0.3 kwenye mizunguko 2,500, bila masega sikuoni ukipita. Utayahitaji.

Lakini usiyanunue kwanza. Hili nalisema kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilimfungia mteja masega mazuri, ya Toyota, kwenye gari lililokuwa linamwaga petroli kama lako. Siku ya kipimo likapita, mteja akanishukuru, nikajiona bingwa. Haikupita miezi miwili akarudi gari halipandi hata kilima cha mtoto. Petroli iliyozidi iliendelea kuungulia ndani ya masega badala ya kwenye silinda, kauri ikapata joto la kuyeyuka, ikaziba bomba. Nilimlipa. Tangu hapo, kwenye gereji yangu, masega hayaingii mpaka lambda ikae kwenye 1.

Kwa hiyo pesa yako itoke kwa mpangilio huo: kusomesha kompyuta na kutazama plagi, themostati mpya na mambo ya rejeta, sensa ya oksijeni ikithibitika imekufa, mpya ya kampuni inayoaminika na si ya kubahatisha, oili, kisha mpime tena. Themostati yenyewe haizidi sana bei ya kuku wawili wa kienyeji. Baada ya hatua hiyo, hata mradi ukikukataa, gari limeshaanza kukurudishia hela yako kwenye petroli.

Hapo ndipo unapofanya uamuzi wa masega, na ni uamuzi wa hesabu ya biashara, si wa ufundi. Weka bei ya masega upande mmoja na malipo ya mkataba wa miezi minane upande wa pili, ukitoa mafuta na posho ya shemeji. Kama mkataba una maana, nunua. Mimi ningechagua ya mtumba ya Toyota yenyewe, yaliyokatwa kwenye gari la Japani, kuliko mapya ya bei chee ambayo madini yamepakwa kama chumvi ya mgonjwa wa presha. Yainulie kwenye mwanga uone vitundu viko wazi upande hadi upande, uyatikise usikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Kikicheza, mrudishie. Kama mkataba hauna maana, endesha gari lako lenye lambda 1 na ukitaka kuuza, utauza gari lisilokunywa mafuta.

Mume wako hajakosea kabisa. Kompresheni ikipimwa na kukuta silinda moja iko chini sana kuliko wenzake, au gasketi ya hedi ikithibitika imekwenda pamoja na rejeta kuoza, hapo mnaongelea zaidi ya nilivyoeleza na kuuza kunakuwa wazo la watu wazima. Ila muuze mkisema ukweli kwa mnunuzi, Mwanga si mji wa kukimbiana.

Siku ya kurudi kwa mkaguzi, shemeji alipitishe gari barabarani nusu saa kwa gia ya chini kidogo kuliko kawaida, liende mpaka Mwandiga na kurudi, lifike likiwa la moto. Lisikae kwenye foleni likiunguruma kwenye sailensa dakika arobaini, masega yanapoa na kazi yote inaharibika. AC izimwe. Na mtu akikushauri mtoboe bomba kidogo ili namba zishuke, kumbuka ile jumla ya 15 niliyokufundisha. Mkaguzi naye anaijua.

Fundi akileta themostati, kabla hajaifunga iangalie: imechongwa namba ya joto, kwa injini yako iwe 82, na kile kijipini kinachotikisika pembeni yake kikae upande wa juu ili hewa itoke. Ikiwa imeandikwa namba nyingine na akasema "ni sawa tu", mrudishe dukani.